SHETANI WA LILANGA NI WA NANI?

Mtu akitoka Mtaa wa Lumumba, zilipo ofisi ndogo za Chama, akakata Mnazi Mmoja kuelekea katikati ya jiji, atafika Mtaa wa Samora na kukutana na sanamu ya shaba ya askari aliyenyoosha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Sanamu hiyo iliumbwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na ilizinduliwa mwaka 1927, iwe kumbukumbu ya Waafrika waliotumika katika vita vya mabeberu vya 1914 hadi 1918. Akigeuka na kurudi magharibi atafika Kariakoo, mahali walipopiga kambi wapagazi wa vita hivyo, na ambapo jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilisagwa na vinywa vya wananchi hadi likawa jina la mtaa na la soko. Askari alipata shaba. Mpagazi, ambaye ndiye aliyekufa kwa wingi zaidi, hakupata umbo.

Tunaanza na jambo hili kwa makusudi. Katika jiji hili hili aliishi mchongaji mmoja ambaye watu wake, wanyama wake, na wale viumbe wake ambao si watu wala si wanyama, kutwa wanabeba, wanasukuma, wanakula, wanacheza na kugombana. Huyo ni marehemu George Lilanga. Makada wengi wamekwisha kuona kazi zake, au za wanaomwiga, bila kulijua jina lake. Ipo haja ya kumchambua, maana juu ya sanaa ya namna hii bado tuna mawazo yaliyochanganyika.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa nchi yetu, katika familia ya Wamakonde waliotoka Msumbiji na kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Historia ya familia hiyo ni historia ya maelfu. Wamakonde walivuka Ruvuma kwa kukimbia kodi na shokoa ya Wareno, wakaangukia mikononi mwa mabwana wa mkonge upande huu. Tezo ilivuka pamoja nao. Miaka ya 1970 Lilanga alifika Dar es Salaam. Jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt, pamoja na vijana wasanii. Lilanga alipata kazi hapo, na kazi yenyewe ilikuwa ya ulinzi. Mlinzi huyo ndiye ambaye mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zikionyeshwa Washington. Alifariki Juni 2005, wakati maonyesho makubwa yaliyoitwa Africa Remix, ambamo kazi zake zilikuwamo, yakiwa Paris.

Sasa tutazame hoja zinazotolewa dhidi yake.

Hoja ya kwanza tunaisikia mara kwa mara katika semina. Inasema hivi: mchongaji wa ujamaa hana budi kuchonga mkulima, mfanyakazi na mshikamano wao, mwenye kuchonga mashetani anaeneza ushirikina, na ushirikina ni adui wa maendeleo. Wanaosema hivyo hupenda kutoa mfano wa ile nguzo ya mpingo yenye watu waliopandana, huyu ameshika bega la yule, yule amembeba mwingine, ambayo kila mtu anaijua kwa jina la Ujamaa. Hiyo, wanasema, ndiyo sanaa yetu.

Hoja hii inapendeza masikioni lakini haikuchunguza historia. Mtindo ule wa nguzo unahusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji akaja kufanya kazi Dar es Salaam. Wachongaji wenyewe waliuita dimoongo. Asili yake, kama inavyosimuliwa, ni bingwa wa mieleka aliyeshinda akabebwa juu juu na wenzake. Jina la Ujamaa lilikuja baadaye, katika miaka ya Azimio la Arusha la 1967. Hatusemi kwamba jina hilo ni la uongo, kwani wananchi wana haki ya kukipa kitu chao maana mpya. Lakini kada mwenye macho atauliza: juu kabisa ya nguzo hiyo yuko nani, na chini kabisa ni nani aliyelemewa? Na atauliza tena imekuwaje nguzo hiyo, yenye jina la siasa yetu, ikajaa katika maduka ya mahoteli kuliko katika ofisi za matawi. Umbo peke yake halitoshi kukipa kinyago itikadi.

Shetani naye ana historia yake. Katika uchongaji wa mjini mtindo huo unahusishwa na Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba kinyago chake kimoja kilivunjika, naye badala ya kukitupa akakichonga upya kikawa kiumbe cha ajabu, na mfanyabiashara wa vinyago mjini, Mohamed Peera, akakipenda na kumtaka alete vingine. Simulizi hii hupendwa sana na wafanyabiashara, na ni rahisi kuona kwa nini: inamfanya mnunuzi awe mkunga wa sanaa. Tuipokee kwa tahadhari. Kabla ya duka lo lote la mjini, Wamakonde walikuwa na mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani katika ngoma za jando na unyago, na miongoni mwao vilikuwapo vya wanyama kama sungura. Kijana alitishwa na kiumbe yule, kisha akafundishwa kwamba ndani yake yumo mtu. Hilo lilikuwa somo. Tena Waswahili walikwisha kusema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Hapo ndipo tunapomkuta Lilanga. Mtazame kiumbe wake: masikio makubwa kama ya mnyama anayesikiliza hatari, mdomo mpana uliochomoza, tumbo mbele, miguu yenye vidole vichache kama vya ndege, macho yaliyotoka. Hakuna mnyama wa mbugani mwenye umbo hilo, wala hakuna mtu. Lakini anachokifanya kiumbe huyo tunakijua sote. Anakwenda kwa mganga. Anapiga ngoma. Ana mgeni nyumbani na chakula hakitoshi. Kazi zake nyingi za kuchora zina majina ambayo ni sentensi nzima za Kiswahili, sentensi za barazani na za kwenye foleni, kana kwamba mtu anamsimulia jirani yake yaliyotokea jana. Huu si ushirikina. Ni njia ile ile ya ngano zetu, ambamo Fisi ni mlafi na Sungura ni mjanja, na msikilizaji anajua kabisa kwamba anayesemwa ni binadamu. Mnyama humruhusu msimulizi kusema lile ambalo akilisema kwa jina la mtu ataleta ugomvi.

Mlinganishe na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, ambaye alichora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao. Chui wa Tingatinga ni chui. Ana uzuri wake, na alimwondolea mchoraji wetu woga wa kudhani kwamba lazima apite chuo cha Wazungu ndipo ashike brashi. Lakini chui yule anatazamwa, hatendi. Kiumbe wa Lilanga anatenda, tena anatenda pamoja na wenzake. Ni mara chache kumkuta peke yake. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mbao na rangi.

Ikaja hoja ya pili, safari hii kutoka upande wa wenye maduka na wale wanaojiita wajuzi. Wao walilalamika kwamba Lilanga si Mmakonde wa asili, kwa kuwa alichonga katika miti laini akaipaka rangi kali, nyekundu, samawati, manjano, badala ya kuuacha mpingo mweusi uling'ae. Tunaomba vijana wa vyuo waichunguze sana hoja hii, maana ni mfano mzuri wa kasumba. Mapiko ya zamani yalichongwa katika miti myepesi, kwani nani atacheza ngoma na gogo la mpingo kichwani? Mpingo ulishika nafasi ya mbele wakati wa ukoloni, kwa sababu wamisheni, maofisa na wafanyabiashara waliupenda: ni mzito, ni mweusi, hauliwi na wadudu, unasafiri melini. Soko liliutaka mpingo, na baada ya miaka michache soko hilo hilo likamwambia Mmakonde kuwa mpingo ndio asili yake. Lilanga aliporudia mti laini na rangi alikuwa karibu zaidi na babu zake kuliko wale waliomkosoa. Hatudai kwamba alifanya hivyo kwa nadharia. Pengine mti laini ulikuwa rahisi kupatikana, na mkono unachoka.

Kumtetea si kumsifu katika kila jambo. Kazi za miaka yake ya mwisho ni nyingi mno na zinafanana mno. Maradhi ya kisukari yalikuwa yamemdhoofisha, karakana yake ikawa na wasaidizi, na wanunuzi wa Ulaya walitaka kitu kile kile walichokiona kwa jirani. Matokeo yake ni makundi ya viumbe wanaocheka bila sababu, wamejaza ubao kutoka pembe hadi pembe, wakicheza ngoma ambayo haina harusi wala msiba. Ule ugomvi, ile njaa, yule mgeni asiyeondoka, hawamo. Rangi zimebaki na kisa kimetoka. Wanaomwiga leo wameanzia hapo alipoishia, na ndiyo maana kazi zao ni mapambo.

Je, kosa ni la msanii? Tukisema hivyo tutakuwa tumeacha uchambuzi. Mchongaji huuza akiwa na njaa, na mnunuzi hununua akiwa ameshiba. Bei hukatwa hapo. Kinyago kikishavuka bahari huuzwa tena na tena, kila mara kwa bei ya juu zaidi, na aliyekichonga hana habari. Taifa lilijaribu njia mbalimbali. Ilikuwapo kampuni ya umma, National Arts of Tanzania, ya kununua na kuuza kazi za wasanii. Ilikuwapo Nyumba ya Sanaa. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Wafuasi wa Tingatinga waliandikisha chama chao cha ushirika mwaka 1990, na wachongaji wengi walikusanyika Mwenge. Katika hizo zote ushirika ndio unaotufundisha zaidi, kwa sababu ndani yake wazalishaji wenyewe hukaa kikao na kugombania bei.

Lakini liko pengo ambalo hakuna hata moja ya hizo lililoliziba, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Turudi Kariakoo. Soko lake kuu, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege, ni kazi ya sanaa ambayo mama muuza nyanya alifanyia biashara chini yake bila kulipa kiingilio. Hata moto wa Julai 2021 ulipoliunguza, wananchi walilia kama walioharibikiwa na kitu chao. Zunguka sasa mitaa inayolizunguka, Kongo, Msimbazi, Mchikichi. Utapata kitenge, redio, dawa za panya, sufuria na viatu. Kinyago utakitafuta kwa tochi. Wale wale wanaobeba viroba vichwani, wale vijana wanaoitwa wamachinga kwa jina lililotoka kusini alikotoka Lilanga, ndio hasa walioko katika mbao zake, nao hawajaziona. Zimeonekana Paris na Tokyo.

Kwa hiyo swali la shetani huyu ni wa nani halijibiwi kwa kuhesabu vidole vyake. Lilanga aliwasema watu wa mjini kwa lugha yao na kwa mizaha yao. Aliyesikiliza na kulipa ni mwingine. Kada anayeandaa semina ya utamaduni angefanya vema kuchukua picha ya kazi moja yenye kisa, aitundike mbele ya wanachama wa tawi, na kuwaacha waseme nani ndani yake anamdhulumu nani. Tuna hakika watabishana. Wachongaji wa Mwenge nao waalikwe, waeleze gogo linanunuliwa kwa nani na kinyago kinaondoka kwa bei gani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, miaka sita kabla Lilanga hajafariki. Ili imsaidie mchongaji, ni lazima kwanza ijulikane kazi ni ya nani, na vinyago vingi mno vinaondoka jijini bila jina chini yake.