Timu Ikifungwa, Nani Analipa Ada?

Msimu wa 2018/19 Yanga ilikuwa hoi kifedha. Yusuf Manji alishajiuzulu uenyekiti tangu Mei 2017, na mfuko uliokuwa ukilipa mishahara, kambi na usajili ukaondoka naye. Kocha wa wakati huo, Mkongomani Mwinyi Zahera, alijikuta na kazi mbili: kupanga kikosi na kuhamasisha michango. Alitoa ya kwake mfukoni, akawaomba mashabiki watume walichonacho kwa simu. Kule Msimbazi, kwa watani wao Simba, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wanatembeza bakuli," wakasema, na utani huo haujaisha mpaka leo. Lakini timu hiyo ya bakuli ilimaliza ligi ikiwa ya pili, nyuma ya Simba.

Utani tuwaachie watani. Anayetaka kujua jinsi umoja wa mashabiki unavyoendeshwa aanzie kwenye msimu kama ule, kwa sababu klabu ikiwa na mfadhili na makombe, kila mtu ni mwanachama. Simba ilibeba ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Yanga ikajibu kwa mara nne zake, 2022 hadi 2025. Maana yake kila upande umeshakaa misimu minne ukimtazama mtani anapita na kombe juu ya gari la wazi. Na katika misimu hiyo ya njaa bado kulikuwa na watu wa kulipia kadi, kukodi magari na kupaka rangi ukuta wa tawi.

Maoni yangu ni kwamba watu hao hawashikwi na makao makuu, wala na msemaji wa klabu. Wanashikwa na kazi waliyopewa, na wenzao wanaojua wakikosekana.

Tuanze na tawi lenyewe. Ukipita Magomeni, Tandika, Manzese au Buguruni utaliona: kibanda, au baraza ya nyumba ya mtu, ukuta umepakwa nyekundu na nyeupe au kijani na njano, mabenchi, runinga, ubao wa matangazo. Mengine yana jina kubwa kuliko kibanda chake. Tawi la Mpira Pesa la Simba, pale Magomeni, linajulikana nchi nzima. Uongozi ni uleule wa chama chochote cha mtaani: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wahamasishaji ambao hawajawahi kusubiri kuchaguliwa na mtu.

Mechi inachukua saa mbili kwa wiki. Siku zilizobaki tawi linaishi kwa mambo mengine kabisa. Mwanachama akifiwa, katibu anapitisha daftari la rambirambi, vijana wanakwenda kufunga turubai na kupanga viti, na makaburini utaziona jezi. Akilazwa, wenzake wanapanga zamu ya kwenda kumwona. Binti yake akiolewa, tawi lina meza yake. Katika mji kama Dar es Salaam, ambao umejaa watu waliotoka mikoani na ndugu zao wako mbali, hiyo ni bima kamili, tena isiyo na fomu. Viongozi wa matawi hulalamika kwamba watu hawaonekani mpaka wapate shida. Mimi naona lalamiko hilo ni sifa. Aliyezikiwa mama yake na wenzake wa tawi hataacha kulipa ada eti kwa sababu mshambuliaji kakosa penalti.

Ufundi wa uongozi unaonekana zaidi kwenye safari. Tuseme timu inacheza Morogoro Jumamosi. Tawi linakodi Coaster ya watu 28, na mwenye gari anataka shilingi 560,000 kwenda na kurudi. Katibu asiye mzoefu anagawanya, anapata 20,000 kwa kichwa, anaandika majina 28, anangoja. Ijumaa jioni waliolipa ni 17. Mkononi ana 340,000, pengo ni 220,000, na mwenye gari hataki kusikia habari za upendo wa timu. Hapo mwenyekiti anaingia mfukoni mwake, na kuanzia siku hiyo tawi ni lake. Hatari ya tawi kuwa mali ya mtu mmoja mara nyingi huanzia kwenye pengo dogo kama hilo.

Katibu aliyekomaa anafanya tofauti. Anaandika majina 40 kwa viti 28. Anadai kishika nafasi siku kumi kabla, na anasema wazi mbele ya watu kwamba hakirudi. Kiti anapewa aliyetangulia kulipa, hata kama aliyechelewa ni shemeji yake. Viti viwili anawawekea mpiga ngoma na mpiga tarumbeta bure, kwa sababu gari lisilo na ngoma ni daladala tu. Gharama yao ameshaigawa tangu mwanzo kwa abiria 26 waliobaki: nauli inakuwa 22,000, zinakusanywa 572,000, na ile 12,000 inayobaki ni ya maji. Fedha inaingia kwenye namba ya tawi, haipiti kwenye simu ya mweka hazina. Kisha Jumatatu, timu imeshinda au imefungwa, karatasi ya mapato na matumizi inabandikwa ukutani, pamoja na risiti ya maji.

Karatasi hiyo ndiyo inayorukwa mara nyingi. Timu ikishinda, watu wanasherehekea na hakuna anayeuliza. Ikifungwa, hakuna anayetaka kuikumbuka safari. Lakini mwanachama aliyeona hesabu ya 12,000 ya maji ataamini hesabu ya milioni mbili ya ukarabati wa tawi.

Hapo niseme jambo ambalo wanaume wa matawi hawapendi kuambiwa. Mtaa huohuo, nyumba ya tatu kutoka tawini, kuna akina mama wenye kikoba. Wanakutana kila wiki, wana kisanduku, wana faini ya kuchelewa, na fedha haipotei. Wengi wao ni Simba au Yanga wa kuzaliwa. Tawi huwaita siku ya kupika pilau. Kuwaita wasimamie mfuko, aa, hilo bado.

Tupande ngazi moja, tuingie kwenye katiba. Utaratibu wa serikali kwa klabu za wanachama zinazokaribisha uwekezaji unataka wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Simba ilitangulia: Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Yanga ilipitisha mabadiliko yake Juni 2021, na Julai 2022 Hersi Said akachaguliwa kuwa rais wa kwanza wa klabu chini ya katiba mpya. Vijiwe vyote vilizungumza fedha. Kwa anayechambua uhai wa wanachama, kifungu kizito zaidi ni kile kinachosema nani anaingia ukumbini. Yanga imeuhamishia mkutano wake mkuu kwa wajumbe wanaotoka matawini, badala ya ule utaratibu wa zamani ambapo kila mwenye kadi hai alifika mwenyewe, akapiga kura yake na kelele zake.

Mabadiliko haya yana pande mbili. Tawi likiwa ndilo mlango wa kwenda kwenye mkutano mkuu, mwenyekiti wake ana sababu ya kuwafuata watu nyumbani na kuwakumbusha ada, kwani asipokuwa na wanachama hai hana sauti. Mwanachama naye anamjua mjumbe wake kwa sura: anaweza kumkuta kwenye kahawa jioni na kumuuliza alipigia nini mkono. Lakini ukumbi wa wajumbe wachache ni rahisi kuushawishi kuliko uwanja wa maelfu, na matawi hewa huota haraka ukaribiapo uchaguzi. Dawa ninayoiona ni moja, nayo ni ya tawini: mjumbe asimame mbele ya wanachama kabla hajaondoka, aambiwe msimamo wao, na akirudi asimame tena atoe taarifa. Mjumbe asiyerudi kutoa taarifa abadilishwe. Haihitaji kanuni mpya kutoka kokote.

Kadi za kielektroniki zimerahisisha mengi. Mtanzania aliyeko Muscat analipa ada usiku na kupata namba yake papo hapo, na klabu inajua ina watu wangapi na wako wapi. Hiyo ni hatua kubwa kutoka enzi za vitabu vya risiti. Lakini mfumo hauwezi kufunga turubai msibani. Aliyesajiliwa kwa simu bila kupangiwa tawi ana kadi tu, na kadi hiyo itakufa mwaka unaofuata timu ikiyumba.

Kuna hamasa sasa, na hapa lazima tuwape klabu hizi haki yao, maana wamefanya kazi ya akili. Simba Day ilianza 2009 chini ya mwenyekiti Hassan Dalali, awali ikawekwa tarehe 8 Agosti. Iangalie vizuri hiyo tarehe. Ni Nane Nane, sikukuu ya kitaifa, watu hawaendi kazini. Tena ni mwanzo wa msimu, kabla hajafungwa mtu: kila usajili mpya bado ni dhahabu. Ndiyo maana mechi ya kirafiki inaweza kuujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000. Yanga ilijibu 2019 kwa Wiki ya Mwananchi. Siku za kuelekea kilele, matawi yanachangia damu, yanafanya usafi, yanatembelea wagonjwa na vituo vya watoto. Wengine huziona shughuli hizo kama mapambo ya picha. Mimi naziona ndiyo kiini chake, kwa sababu zinampa kazi mtu asiye na hela ya jezi wala ya kiingilio.

Mfano mzuri zaidi ni wa 24 Februari 2024. Yanga ilikuwa nyumbani dhidi ya CR Belouizdad ya Algeria, Ligi ya Mabingwa Afrika, ikisaka robo fainali. Msemaji wake, Ali Kamwe, akaitangaza mechi kuwa siku ya Pacôme Zouzoua, kiungo wa Ivory Coast aliyekuwa amepaka nywele rangi. Watu wakaingia saluni. Wazee, vijana, wanawake, watoto wa shule waliojua watachapwa Jumatatu, wote wakatoka na vichwa vya dhahabu. Yanga ilishinda 4-0 na kufuzu.

Kwa nini ilifanya kazi? Ilikuwa rahisi, kila mtu aliimudu. Ilionekana, kwa hiyo ukimwona mwenye kichwa kile kwenye daladala mlishafahamiana bila kusalimiana. Na haikufutika siku hiyohiyo: ulilazimika kwenda nayo kazini Jumatatu na kutaniwa. Aliyekubali kutaniwa kwa ajili ya timu ameshalipa ada ya aina yake. Simba nayo ilifanya lake mwaka 2025 kwa kaulimbiu ya "Hii Tunavuka", ikiwa imetoka Misri imefungwa 2-0 na Al Masry. Mabao yakarudishwa Dar es Salaam, penalti zikaamua, Simba ikavuka, ikaenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kaulimbiu haikufunga bao. Lakini iliwapa watu neno moja la kusema wiki nzima, wakati ambapo kila mmoja wao kimoyomoyo alikuwa na wasiwasi.

Ubaya wa hamasa ni kwamba inahitaji mechi kubwa. Mvua ya Aprili, mechi ya ugenini dhidi ya timu ya mkiani, runinga ya tawi imeharibika: hapo kaulimbiu haina la kukusaidia.

Na kuna siku za aibu. 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1 na Yanga. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, akawa ameondoka. Makao makuu yalimaliza kwa kubadili kocha. Tawi halina kocha wa kumfukuza. Mwenyekiti anayefunga mlango wiki ya namna hiyo anakosea sana. Afungue mapema, aache watu watukane mpaka wachoke, mtani akipita acheke anavyotaka. Halafu, kabla watu hawajatawanyika, agawe kazi: nani anafuatilia fundi wa runinga, nani anakwenda kumwona yule mzee aliyepandwa na presha dakika ya bao la nne. Hasira ikipata kazi haigeuki mpasuko, na mipasuko tunaijua. Mgogoro wa Yanga ulizaa Pan African mwaka 1976, na baadaye Wanayanga hao hao wakagawanyika Yanga Asili na Yanga Kampuni. Makundi hayo yalipita ndani ya matawi, yakawatenganisha watu waliokuwa wakizikana.

Kwa viongozi wa matawi, wa rangi zote mbili, ombi langu ni dogo. Ligi ikisimama, chukueni daftari mlipitie jina kwa jina. Aliyepotea miezi mitatu, watu wawili wakampigie hodi. Wakifika wamsalimie, waulize hali ya nyumbani, wamwambie siku ya mkutano. Ada wasimdai siku hiyo.