Kuyeyuka kwenye bika si kufyonzwa mwilini

Umewahi kuloweka ganda la yai kwenye siki? Linatoa mapovu, na kesho yake limelainika. Wapo wanaopima dawa za kalsiamu za Ayurveda kwa njia hiyohiyo, ila kwa asidi na mashine za bei ghali, halafu wanaandika kwamba dawa "inafyonzwa vizuri". Jamani, imeyeyuka tu.

Dawa zenyewe ni majivu yaitwayo bhasma. Huko India, kombe, marijani na lulu husafishwa, husagwa na kuchomwa mpaka ziwe unga laini. Waganga wana vipimo vyao vya jadi: unga uelee juu ya maji yaliyotulia, na ukiupikicha kwa vidole uingie kwenye mistari ya ngozi. Mimi sivicheki vipimo hivyo. Kwa mtu asiye na hadubini, ni njia ya akili ya kujua kama chembe ni ndogo, na chembe ndogo huyeyuka haraka. Lakini mfupani je?

Kikemia, lulu na kombe ni kalsiamu kaboneti, ileile iliyomo kwenye vidonge vingi vya famasi. Moto ukizidi mno hubaki chokaa kali inayochemka ikimwagiwa maji; waliochoma matumbawe Lamu na Zanzibar ili wajenge nyumba wanaijua vizuri. Kwa hiyo swali la haki ni hili: je, bhasma inaishinda kaboneti ya kawaida, kwa dozi ileile? Kipimo kisicho na ulinganisho huo hakikusaidii chochote, hata kiwe na grafu nzuri namna gani.

Halafu kuna tumbo. Mwaka 1985 Robert Recker alionyesha kwamba watu wasiotengeneza asidi tumboni walifyonza kaboneti kidogo sana wakiwa hawajala, lakini wakila nayo chakula, walifyonza kawaida. Bika haili ugali. Panya naye ana lake: akinyimwa kalsiamu kwanza, utumbo wake hukazana kufyonza, hivyo dawa karibu yoyote itaonekana ya ajabu.

Kipimo kizuri zaidi kwa binadamu hutumia isotopi mbili za kalsiamu, moja ya kunywa na nyingine ya mshipani. Tatizo ni kwamba kombe limeota baharini, na kulitia isotopi si kazi ndogo. Basi tupime kalsiamu kwenye damu na mkojo kwa saa kadhaa, mtu yuleyule, siku moja bhasma, siku nyingine kaboneti, chakula kilekile, na vitamini D yake ijulikane. Mama aliyekoma hedhi na anayelipia unga wa lulu anastahili angalau hilo.

Na risasi ipimwe kwanza. Mwaka 2004, kati ya bidhaa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.