Mwindaji Asiyekosea: Uhakiki wa "Blood: The Last Vampire" katika Michoro na katika Sinema

Utangulizi

Wawindaji wa wanyonya-damu ni wahusika wa siku nyingi katika filamu za michoro za Kijapani, lakini ni wachache waliopata kuchezwa na waigizaji mbele ya kamera. Mfano unaofaa zaidi kuchambuliwa ni "Blood: The Last Vampire". Kazi hii ilitoka kwanza mwaka 2000 kama filamu ya michoro ya dakika 48, iliyotengenezwa na kampuni ya Production I.G na kuongozwa na Hiroyuki Kitakubo. Mwaka 2009 ikatokea filamu ya waigizaji, iliyoongozwa na Mfaransa Chris Nahon, ambapo Gianna Jun wa Korea ya Kusini alicheza nafasi ya Saya, msichana mwenye upanga.

Filamu hiyo ya pili ililaumiwa sana kwa upande wa fani: damu iliyochorwa kwa kompyuta haifanani na damu, na madubwana yake hayatishi. Lawama hizo ni za haki, lakini haziufikii mzizi wa tatizo. Kasoro kubwa iko katika maudhui. Kazi ya mwaka 2000 ilijengwa juu ya shaka. Ile ya 2009 imeiondoa shaka hiyo. Nayo shaka ndiyo inayowahusu zaidi watazamaji wa Uvira na wa vijiji vya Rurambo, milimani juu ya bonde la Ruzizi.

Shaka katika filamu ya michoro

Mandhari ni kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Yokota, Japani, mwaka 1966. Onyesho la kwanza liko ndani ya treni. Saya ameketi, ghafla anainuka na kumkata abiria kwa upanga. Mtazamaji haoni mnyama hapo. Anaona mtu akifa. Analazimika kumwamini Saya, na wale wanaume wanaomtuma, kwamba aliyeuawa hakuwa binadamu. Baadaye madubwana yanajitokeza kweli, lakini onyesho lile la treni halirudiwi wala halifafanuliwi.

Shahidi pekee kutoka nje ni muuguzi wa shule ya kambi. Ameyaona yote kwa macho yake, lakini anapohojiwa, ushahidi hauonekani tena. Anaonyeshwa picha ya mwaka 1892 yenye sura kama ya Saya, kisha anaachwa na maswali yake. Filamu inafungwa kwa habari na picha za vita vya Vietnam. Hapo ndipo dhamira inapojitokeza bila kuhubiriwa: kati ya kiumbe kinachoua kwa njaa na majeshi yanayoua kwa amri, mnyonya-damu ni nani?

Usawiri wa Saya unaliongezea swali hilo uzito. Yeye mwenyewe ni wa jamii ya hao anaowawinda. Dubwana la mwisho linapokata roho, Saya anajichana mkono na kulidondoshea damu yake mdomoni. Tendo hilo halina maneno, lakini linasema kwamba mwindaji na mwindwa ni wa ukoo mmoja, na kwamba aliyeua anajua ameua nani.

Hakika katika filamu ya waigizaji

Mwongozaji wa 2009 alikabiliwa na shida ya kweli. Kisa cha dakika 48 chenye maelezo machache hakitoshi kujaza saa moja na nusu. Kwa hiyo kiliongezewa nyama. Wakati umesogezwa hadi 1970. Nafasi ya muuguzi imechukuliwa na Alice, binti wa jenerali, anayegeuka kuwa rafiki wa Saya. Saya amepewa utoto, mlezi aitwaye Kato, na adui mkuu, Onigen, aliyemuua baba yake. Nyongeza hizi si mbaya zote. Yasuaki Kurata anampa Kato utu na uzito, na pambano lake la mwisho ni miongoni mwa sehemu zenye hisia za kweli. Urafiki wa Alice nao unampa Saya mtu wa kuzungumza naye.

Hata hivyo, gharama yake ni kubwa. Mara Onigen anapoingia, uovu unapata jina, sura na makazi, na kisa kinageuka kuwa cha kisasi. Hata ukoo wa damu kati ya mwindaji na mwindwa, ambao katika michoro ulikuwa fumbo la kimaadili, unafanywa siri ya nyumbani: Onigen ni mama yake Saya. Uovu uliomo ndani ya Baraza linalomwajiri Saya unaguswa, kisha unapitwa upesi. Kambi ya jeshi inabaki kuwa pambo la mandhari. Mtazamaji hana tena sababu ya kuuliza kama upanga umekosea. Upanga haukosei kamwe.

Tatizo la jina

Suala hili linaonekana wazi zaidi likitazamwa kwa jicho la Kiswahili. Katika Afrika ya Mashariki filamu za kigeni hutazamwa mara nyingi pamoja na sauti ya msimulizi anayezitafsiri na kuzifafanua, kama walivyojulikana Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya. Msimulizi wa namna hiyo atamwitaje adui wa Saya? Akisema "zimwi" au "shetani", amemweka katika ulimwengu wa ngano na dini, na filamu ya 2009 itamkubalia bila taabu. Akisema "mumiani", amefungua mlango mwingine.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni dawa nyeusi mfano wa utomvu, ambayo wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyoganda. Kutoka kwenye dawa, jina likahamia kwa anayeitafuta damu hiyo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake "Speaking with Vampires" cha mwaka 2000, alikusanya uvumi wa aina hii wa zama za ukoloni: wazimamoto wa Kenya na Uganda, na batumbula wa Kongo ya Wabelgiji. Mnyonya-damu wa masimulizi haya hana meno marefu. Ana gari, ana ndoo, ana kazi ya mshahara, na nyuma yake yuko mkubwa anayemtuma. Kwa maana hiyo, kambi ya Yokota ya mwaka 1966 ingeeleweka upesi na msimulizi wa visa vya mumiani, kwa sababu anajua kumtafuta mnyonya-damu penye mamlaka.

Lakini neno hilo hilo linaua. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya-damu ulisababisha watu kuuawa na makundi ya raia, hata Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya za Mulanje na Phalombe. Mwaka 2021, katika jimbo la Kivu ya Kusini lenyewe, wanawake waliuawa baada ya kutajwa kuwa wachawi na waaguzi waitwao bajakazi. Bajakazi anadai kipawa kile kile cha Saya: kumtazama mtu na kujua kwamba si mtu. Tofauti ni kwamba kwenye sinema dubwana hujitokeza baadaye na kumpa mwindaji haki. Huko vijijini, anayekutwa chini baada ya kipigo ni mama wa watu.

Hitimisho

Sinema haijawafundisha watu wa Kivu kutuhumiana. Tuhuma zilikuwapo kabla yake. Hata hivyo, kazi ya sanaa inaweza kulea tabia ya kuuliza au tabia ya kushangilia. Filamu ya michoro ya 2000, pamoja na ufupi wake, inamwacha mtazamaji na maiti ya abiria asiyejulikana na inamtaka aibebe hadi mwisho. Filamu ya 2009 inampunguzia mzigo huo. Wanafunzi wa fasihi watafaidika wakizisoma kazi hizi mbili kando ya masimulizi ya mumiani na batumbula yanayoweza kukusanywa kwa wazee wa Uvira na Rurambo. Katika kila kisa waulize kwanza jambo ambalo filamu ya pili haikuuliza: nani alithibitisha kwamba aliyeuawa hakuwa mtu?