Mzee wa Nzumari katika Ukumbi wa Makuti

Nzumari si ala ya chumbani. Ni ala ya kupuliza ya uwanja, ya arusi na ya sengenya, ngoma ya Wadigo, na sauti yake kali imekusudiwa ipenye ngoma zote na vigelegele vya kina mama, imfikie hata aliye shambani. Kwa hiyo niliposikia kwamba bendi ya vijana wa Ukunda itampandisha jukwaani mzee mmoja kutoka upande wa Msambweni, katika ukumbi mdogo wa makuti usiochukua hata watu hamsini, niliwahurumia wa viti vya mbele.

Mzee alifika mapema, kabla ya waliopanga spika. Shavuni alikuwa ameficha kipande cha jani la mvumo kilichokunjwa na kufungwa uzi, ambacho ndicho kinachoiliza nzumari. Jani hilo likikauka halitoi sauti, likilowa kupita kiasi linaziba. Alilitoa, akaliangalia kwenye mwanga wa taa, akalibana kwa kucha, akalirudisha mdomoni. Alifanya hivyo tena na tena, bila haraka, huku watu wakiingia na kuagiza vinywaji. Nyuma ya jiko ngoma nazo zilikuwa zimezungushiwa moto wa makumbi ya nazi, maana hewa ya bahari hulegeza ngozi, na ngoma iliyolegea hukohoa badala ya kulia. Chapuo, ngoma ndogo, huwahi kukaza. Vumi, ngoma kubwa, lataka subira, na kijana aliyelisimamia alikuwa akiligonga kwa kidole kimoja na kuinamisha sikio, kisha kulisogeza tena motoni.

Jambo lililonishika zaidi lilitokea kabla ya wimbo wa kwanza. Matundu ya nzumari yametobolewa na fundi na hayabadiliki. Gitaa, kinyume chake, lina vigingi vya kukazia nyuzi, kwa hiyo ndilo linaloweza kufuata. Mpiga gitaa akazima kipimasauti chake, akasogea kwa mzee, akasema, “Babu, nipe sauti.”

“Shika hiyo, mjukuu wangu.”

Kijana akaulegeza uzi mmoja baada ya mwingine hadi gitaa zima likashuka na kuifuata nzumari. Mpiga besi naye akafuata. Kwangu mimi, usiku huo ulishinda pale pale. Nimesikia bendi zinazoalika ala ya asili kisha zikailazimisha ifuate mitambo, nayo ikabaki pambo la dakika mbili. Hawa walimfanya mzee kuwa kipimo chao.

Wimbo ulipoanza, mdundo ukiwa wa chakacha iliyopunguzwa mwendo, mzee hakupuliza. Beti mbili zilipita ala yake ikiwa magotini. Alipoinuka aliipa maikrofoni mgongo, akauelekeza mdomo wa nzumari chini, kwenye sakafu ya mchanga, na ile sauti niliyoihofia ikatua, ikatufikia imekuwa laini bila kupoteza ukali wake. Hakuna fundi mitambo aliyefanya hilo. Ni mzee mwenyewe aliyekisoma chumba.

Halafu ikaja pumzi. Jani lote limo kinywani, midomo imekazwa kwenye kisahani, mashavu yamefura. Mashavu yanapoisukuma nje hewa iliyomo, pua inavuta nyingine, na sauti haikatiki hata kidogo. Wengi hutazama mashavu. Mimi nilitazama mabega: hayakupanda wala kushuka muda wote wa wimbo, na anayepuliza bila kuinua mabega amejifunza miaka mingi.

Pembeni yake binti mmoja alishika kayamba. Anayedhani kayamba hutikiswa tu angemtazama huyu. Aliliinamisha upande mmoja ili mbegu ziteleze ndani ya mabua pamoja, kisha akazikata kwa dole gumba, na ukimya ule mfupi ndio uliowapa wenzake mahali pa kuingilia.

Pwani hii imelea bendi nyingi. Them Mushrooms waliimba hotelini hadi “Jambo Bwana” yao ya mwaka 1982 ikazunguka dunia, Mombasa Roots wakaitia chakacha umeme katika miaka ile ile ya 1980, na bango ya Mzee Ngala ikawa mtindo kamili wenye saksafoni yake. Nawaheshimu wote. Lakini katika safari hiyo kinanda cha umeme kilikalia nafasi ya nzumari, na wapuliza nzumari wakaachiwa arusi na ile nusu saa ya kuwachezea watalii wakati wa chakula cha jioni, watu wakigonga vijiko. Ala inayodai pumzi ya namna hii haiwezi kusikika kati ya sahani.

Wenye hoteli za Diani, jukwaa mnalo, umeme mnao, wasikilizaji mnao. Mpeni mpuliza nzumari onyesho zima, na mlipeni kama mnavyolipa bendi. Nawe msomaji wa Ukunda, Kinondo au Msambweni, ukiombwa kiingilio toa, keti mbele, na kama nyumbani una mtoto asiyeacha kupuliza kila mwanzi anaouokota, mpeleke kwa wazee wa nzumari wangali na pumzi.