Kicheko na Ushahidi: Namna ya Kuipima Riwaya ya Uhalifu Inayochekesha

Riwaya ya uhalifu inayochekesha hupimwa kwanza kwa maiti wake. Je, amekufa kweli? Yupo anayemlilia, lipo deni aliloliacha, upo mlango ambao tangu siku ile haugongwi? Ikiwa maiti amelazwa sebuleni ili tu askari mnene ajikwae juu yake na kofia imruke, mwandishi ameandika vituko. Vituko vina mahali pake, na vingine vinavunja mbavu, lakini havimnyimi mtu usingizi akitaka kujua nani aliua.

Kisarawe, mkoani Pwani, wanalielewa hili bila kufundishwa. Wazaramo, wenyeji wa wilaya hiyo, ni watani wa Wanyamwezi, utani uliokolea enzi za misafara iliyoteremka kutoka bara kuja mwambao. Mtani akifika msibani hana simile. Atajilaza mbele ya jeneza akidai halitoki mpaka alipwe chake. Atavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake, kikohozi chake, hata namna alivyokuwa akikwepa kulipa nauli. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Na mtani huyohuyo ndiye utakayemkuta makaburini, jembe mkononi. Mwandishi wa riwaya hizi ni mtani msibani: ruhusa ya kucheka anaipata kwa sababu anaheshimu kifo, na anayemwiga marehemu lazima awe alimjua.

Kiswahili kina bahati katika jambo hili, kwani aliyefungua njia ya riwaya ya upelelezi alikuwa mcheshi. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar aliyezaliwa 1918, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Humo ndimo alimoingia Bwana Msa, kiko mdomoni, rafiki yake Najum ubavuni, na Inspekta Seif akihangaika na sheria zake. Wahakiki wengi hukimbilia kumtaja Sherlock Holmes. Ni kweli, kiko na rafiki vilitoka London. Ila Holmes hana baraza. Bwana Msa anaishi katika mji ambamo kila mtu ana la kusema kuhusu kila mtu, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuchuja maneno. Tajiri Ali Bomani anakutwa ameuawa kwenye mzimu, na watu wameshahukumu: ni mizimu. Ucheshi wa Abdulla unaota hapo, kati ya mji ulio na hakika ya kila kitu na mtu mmoja anayeuliza maswali madogo kwa adabu.

Vitabu vilivyofuata vinatangaza tabia yao kuanzia jalada: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kisha 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa. Ni waandishi wachache wa riwaya za upelelezi wenye ujasiri wa kuliweka kosa la shujaa wao kwenye jalada.

Kipimo cha pili kinahitaji penseli. Msomaji achague sura moja, akate kila mzaha, halafu asome kilichobaki. Ikiwa hadithi inakwenda vilevile, mizaha ilikuwa pambo. Kazi iliyokomaa haikatiki hivyo, maana ndani ya mzaha umefichwa ushahidi. Mtu anataniwa mwanzoni kwa ubahili, hatupi hata risiti ya maji ya kunywa. Wasomaji wanacheka na kusahau. Karibu na mwisho risiti hiyohiyo inapatikana mfukoni mwake, na inaonyesha alikuwa wapi. Kicheko kilikuwa kimemfumba msomaji macho wakati ushahidi ukipita mbele yake. Hii ni hila ngumu kuliko kutunga mauaji yenyewe, na ndiyo sababu wengi hawaiwezi.

Mmarekani Donald Westlake aliijua. Riwaya yake The Hot Rock ya mwaka 1970 inamhusu mwizi Dortmunder na genge lake, wanaolazimika kuiba zumaridi moja tena na tena, jiwe linalogombewa na nchi mbili za Kiafrika za kubuni. Westlake alikusudia kuandika kisa kikavu cha jambazi wake mwingine, Parker. Lakini kumfanya mtu aibe kitu kilekile kila mara kukamchekesha yeye mwenyewe, akaona heri abadili mhusika. Kicheko kilitoka kwenye mpango wa wizi. Hakupachika utani juu yake. Chester Himes naye, aliyewahi kutumikia kifungo cha unyang'anyi, aliichora Harlem ya wapelelezi wake wawili kwa ucheshi mkali uliochanganyika na damu, na mwaka 1958 Wafaransa wakampa tuzo yao kubwa ya riwaya za upelelezi.

Tukirudi nyumbani, upande wa Tanzania Bara mambo yalikwenda tofauti. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Inspekta Wingo akawa jina la kila kijiwe. Elvis Musiba akaja na Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), vitabu vilivyosomwa hadi kurasa zikachomoka. Musiba ni fundi wa mbio na hatari, lakini anayemsoma akitafuta ucheshi atatoka mikono mitupu. Gamba hana muda wa kucheka, labda kwa kuwa Afrika nzima inamsubiri aiokoe. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alikuwa na jicho la kejeli zaidi, na Dar es Salaam Usiku ya 1990 inauma na kuchekesha katika ukurasa mmoja. Ucheshi wenyewe wa kihalifu ulikuwa umehamia kwingine: kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili, waliwakusanya watu redioni, na kwenye michoro ya gazeti la Sani. Mwandishi wa leo anayedharau urithi huo anajinyima shule ya bure.

Sasa, mahali. Hapa msomaji wa Kibaha na Kisarawe ana haki ya kuwa mkali, kwa sababu wilaya zake hutumiwa vibaya. Katika masimulizi mengi ya Dar es Salaam, Pugu ni msitu wa kutupia mzoga na Kibaha ni taa zinazoonekana dirishani gari likikimbia. Mwandishi anayepajua mahali huonekana kwenye njia za kutorokea. Mtu aliyeiba Mlandizi hahitaji kurudi mjini ili afike Maneromango. Ipo barabara ya Makofia, Mlandizi hadi Maneromango, inayoziunganisha Bagamoyo, Kibaha na Kisarawe kwa nyuma. Lori lenye mzigo wa magendo likiwa linaelekea Morogoro litakutana na mizani ya Vigwaza, na dereva anayepanga wizi bila kuikumbuka mizani ni mhusika wa kuchekesha tayari.

Hata utetezi wa mtuhumiwa una historia yake. Kabla ya kilomita 19.2 za Kimara hadi Kibaha kupanuliwa kuwa njia nane, maneno "nilikuwa kwenye foleni" hayakuwa na wa kuyapinga. Mpelelezi gani angethubutu kumwambia mkazi wa Maili Moja kwamba hakukaa saa tatu barabarani? Tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR inayobeba abiria kutoka Dar kwenda Morogoro, yenye stesheni Soga na Ruvu, na ratiba yake imeandikwa. Mwandishi makini atalitumia hilo: mwongo wa siku hizi anabanwa na dakika.

Uhalifu nao uwe wa mahali hapo. Kibaha inajaa watu wanaotafuta viwanja, kwa hiyo kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu, kila mmoja ana karatasi yenye muhuri na kila mmoja kaleta fundi wake asubuhi ileile, ni mwanzo mzuri kuliko majambazi kumi wenye bunduki. Kisarawe kuna korosho, na korosho ina ghala, mnada, gunia lenye kokoto na mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo, anayepita usiku na kipimo chake. Kuna simu iliyonunuliwa vichochoroni Kariakoo ambayo ikifunguliwa nyumbani inakuwa kipande cha sabuni. Na kuna ule ujumbe ambao Watanzania wote wameupokea, wa mtu asiyejulikana akielekeza hela itumwe kwenye namba hii. Tangu laini zianze kufungwa Januari 2020 kwa wasiosajiliwa kwa alama za vidole, tapeli anahitaji kidole cha mtu mwingine. Mwandishi hodari atauliza: kidole cha nani? Tuseme ni cha bibi mmoja wa Mzenga, aliyedhani anaandikishwa kupata mbolea. Askari wanapomfuata kama kinara wa mtandao, riwaya imeshapata kicheko chake na hasira yake kwa pamoja.

Lugha ipimwe kwenye vinywa vya watu. Taarifa ya polisi ina Kiswahili chake, cha "mtu mmoja jinsia ya kiume anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 45", na uzuri wake unajitokeza inapokutana na shahidi ambaye humwita marehemu Baba Chausiku na kueleza kwamba alikuwa mzima tu, ila ana domo. Mwandishi mvivu humpa shahidi na afande sauti moja. Mvivu zaidi hutegemea lafudhi: Mmakonde akitamka hivi, Mhaya akitamka vile, basi. Mzaha wa lafudhi unachakaa baada ya kurasa mbili. Vivyo hivyo mlevi wa kijiji, mwanamke mnene na mganga mwenye simu mbili. Wakijitokeza wote kabla ya sura ya tatu, kitabu kirudishwe dukani.

Sadfa ni suala tete, na hapa wapenzi wa riwaya hizi hubishana. Kanuni inayofaa kushikwa ni kwamba bahati inaruhusiwa kumtia mhalifu matatani, hairuhusiwi kumwokoa mpelelezi. Mwizi akikimbilia daladala ambayo dereva wake ndiye aliyemwibia jana, msomaji atapiga makofi. Mpelelezi akiokota barua ya kukiri kosa iliyopeperushwa na upepo hadi miguuni pake, msomaji amedhulumiwa, hata kama barua yenyewe inachekesha.

Kuhusu mwisho, jambo ni fupi: muuaji ajulikane. Kuna waandishi wanaodhani ucheshi unawaondolea deni hilo, wakamaliza kwa harusi au kwa kelele za mtaa mzima. Abdulla hakuwahi kulikwepa; Bwana Msa hueleza jambo moja baada ya jingine, na msomaji hurudi nyuma kuhakiki.

Anayetaka kuanza aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, afuatishe Siri ya Sifuri, kisha Dar es Salaam Usiku aone jiji lilivyobadilisha ladha ya kicheko. Wa Kibaha wanaweza kuulizia kwanza katika maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha, taasisi iliyoanza 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki na kukabidhiwa serikali 1970. Wenye miswada nao wasiifiche: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, hupokea riwaya, na mauaji ya kuchekesha yaliyotungwa Maneromango na mtu anayeijua Maneromango yangestahili kusomwa na majaji hao.