Baada ya Kuanua Matanga

Ipo filamu moja fupi ya michoro, ya dakika 8 tu, ambayo nimekwisha kuitazama mara nne. Inaitwa Father and Daughter, yaani Baba na Binti. Aliitengeneza Mholanzi, Michael Dudok de Wit, mwaka 2000, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar kwa upande wa filamu fupi za michoro. Tuzo hiyo siyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimeshangazwa na jinsi msiba wa umri mzima ulivyosimuliwa humo bila mtu kutamka neno hata moja.

Kisa chenyewe ni chepesi. Baba na binti yake mdogo wanapanda tuta kando ya maji, kila mmoja na baiskeli yake. Baba anamuaga mtoto na kuteremka kwenye mashua. Kisha anageuka, anapanda tena na kumkumbatia mara nyingine. Ndipo anapopiga makasia na kutokomea. Mtoto anangoja mpaka jioni, anarudi nyumbani. Siku nyingine anakuja tena. Anakuja majira ya upepo na majira ya baridi. Anakuja akiwa kigori na wenzake, akiwa na mchumba, akiwa na mume na watoto, na mwisho akiwa ajuza. Baba harudi.

Msanii wa pupa angetuletea uso wa yule mtoto ujae kioo kizima, machozi yakimtiririka, ili nasi tulie. Huyu amekataa. Ameichora miti mirefu, mbingu pana na watu wadogo mfano wa sisimizi, hata nyuso zao hatuzioni vizuri. Huzuni tunaisoma katika mgongo ulioinama na magurudumu yanayozunguka. Muziki, alioutayarisha Normand Roger, unaegemea dansi ya zamani ya Iosif Ivanovici, na sauti ya akodiani humo inakwenda na kurudi kama yule binti. Na mapenzi ya baba je? Ushahidi tuliopewa ni ule mkumbatio wa pili, basi. Kwa nini aliondoka hatuambiwi, wala yule binti hakuambiwa. Lakini mtu asiyempenda mwanawe hapandi tuta mara ya pili.

Mara ya kwanza nilikuwa na manung'uniko. Mama wa mtoto yuko wapi? Nani aliyempikia usiku ule? Majirani wako wapi, mikeka iko wapi? Kwetu mtu hafiwi peke yake. Watu hulala matanga, sufuria hazitoki mekoni, na mfiwa hapewi nafasi ya kukaa na mawazo. Nikasema, hawa wenzetu wana ukiwa.

Baadaye nikaona kwamba nimekosea. Filamu hii inaanza pale matanga yanapoanuliwa. Watu wamekwenda zao, mikeka imekunjwa, na mfiwa amebaki na miaka 60 mbele yake. Sehemu hiyo hata kwetu kila mtu huipita peke yake, tena kimyakimya, maana arobaini ikishapita tunamtaka awe amekwisha kupona.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, simu ya maandishi ilikuja ikisema baba wa mwanachuo mmoja amefariki. Nilimwita ofisini, nikampa pole na ruhusa ya siku saba. Alirudi siku ya nane, na nikamsifu. Lakini nikaletewa taarifa kwamba kila Jumamosi anaonekana stendi ya mabasi, amekaa tu, hasafiri. Nilimkaripia. Nikamwambia ualimu hautaki watu wa kuzubaa. Alijibu kwa adabu, "Mzee, pale ndipo alipoagana nami." Nikampiga marufuku kutoka nje ya chuo kwa mwezi mzima.

Wengine husema mwisho wa filamu ni wa kubembeleza. Maji yamekauka. Ajuza anajaribu kuisimamisha baiskeli, inaanguka, anaisimamisha, inaanguka, anaiacha. Anateremka, anapita kwenye majani marefu palipokuwa na maji, anaikuta mashua imefukiwa nusu na mchanga, na anajilaza ndani yake. Kisha anaamka na kukimbia, uzee unamtoka mwilini, na baba yuko pale amesimama. Kwa Waholanzi bahari kugeuka ardhi si ndoto. Mwaka 1932 walikamilisha ukuta wa Afsluitdijk, wa kilomita 32 hivi, wakaifunga Zuiderzee, kisha wakakausha sehemu zake. Leo pana mashamba na miji pale ambapo zamani mashua zilipita. Kama huko ni kufa au ni kuota, msanii ametuachia wenyewe, na mimi sioni kwamba ametubembeleza. Binti amelipa kwa umri wake wote.

Naipendekeza filamu hii kwa walimu, hasa wale ambao kazi yao ni kuwaita watoto ofisini na kuwapa habari mbaya. Haiwafundishi maneno ya kusema. Kijana wangu wa stendi sijui yuko wapi leo. Alihitaji nauli ya kwenda na kurudi kila Jumamosi, nami nilikuwa na uwezo wa kumpa.