Leza Isiyo na Vioo

Dereva anayepita Tukuyu alfajiri, akielekea Kyela, anaujua ukungu wa Rungwe. Akiwasha taa kali, mbele yake panasimama ukuta mweupe: matone ya maji yanaurusha mwanga huku na huku, na sehemu yake inamrudia machoni. Kwake ni adha. Wanafizikia wamepata leza katika kutangatanga kwa namna hiyohiyo.

Leza ya kawaida huwa na vioo viwili vinavyotazamana, na katikati yake kitu kinachouongezea mwanga nguvu. Ukungu hauna kitu hicho, ndiyo maana unaufifisha tu. Mwaka 1968 Vladilen Letokhov, Mrusi, alionyesha kwa hesabu kwamba vioo vinaweza kuachwa, mradi mwanga utawanywe mara nyingi kabla haujatoka.

Jaribio lililosisimua wengi lilikuja 1994. Nabil Lawandy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliyeyusha rodamini, rangi inayong'aa ikipigwa mwanga, katika methanoli, wakatia chembe za titani dioksidi, unga uleule unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Mchanganyiko ukapigwa kwa mipigo ya leza ya kijani. Mwanga wa rodamini, ambao kwa kawaida hutapakaa katika mawimbi ya urefu tofauti, ukabana hadi upana wa nanomita chache.

Utamu uko kwenye muda. Rodamini peke yake huendelea kung'aa kwa nanosekunde kadhaa baada ya kupigwa. Chembe zikiwa chache, fotoni, yaani vifurushi vya mwanga, hutoroka mapema. Zikizidi, njia ya fotoni hurefuka, kila moja huamsha nyingine, na akiba ya nishati hukaushwa ghafla. Kwa mipigo mifupi ya kuchochea, muda wa mng'ao hushuka hadi makumi ya pikosekunde. Lakini chembe zikisongamana mno, mwanga wa kuchochea nao hurudishwa juujuu usipenye ndani. Vurugu inahitaji kipimo, kama chumvi.

Na je, vurugu hiyo imetulia? Katika unga wa zinki oksidi, alioutumia Hui Cao na wenzake 1999, punje hazisogei. Kila sehemu inayopigwa ina mistari yake ya rangi. Katika kimiminika chembe huhama, hivyo mpigo unaofuata unakutana na mpangilio mwingine kabisa.

Mwaka 2012 Cao na wenzake wa Yale waliitumia leza isiyo na vioo kupiga picha zisizo na madoadoa ambayo leza ya kawaida huyaacha.